Moyo wa Kupona Hutoka Wapi?

Liko lalamiko moja ambalo sisi tunaoketi na familia parokiani hulisikia karibu mara nyingi kama lile la pombe. Mama anaketi, anaweka mkoba wake magotini, anavuta pumzi, kisha anasema, "Huyu mzee wangu hataki kupona." Halii kwa sababu mzee ni mgonjwa, hilo amekwisha kulizoea. Kinachomuumiza ni kwamba dawa zimo kabatini, daktari ameeleza la kufanya, watoto wamembembeleza baba yao, na mwenyewe anakaa tu kama abiria aliyekwisha lipa nauli, anangoja gari limfikishe popote litakapomfikisha.

Je, kweli yuko mtu asiyetaka kupona? Na kama yuko, anatenda dhambi? Na mwenzi wake, aliyeahidi mbele ya altare kukaa naye katika afya na katika ugonjwa, anayo haki ya kumlazimisha? Haya si maswali ya padre peke yake wala ya daktari peke yake. Yanaulizwa mezani wakati wa chakula na chumbani taa ikishazimwa, ndiyo maana tunayaleta kwenye ukurasa huu.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya ugonjwa gani. Malaria humjia mtu, humtesa kwa siku kadhaa, na akitibiwa vizuri humwacha. Mfupa uliovunjika huunga. Lakini kisukari, presha, pumu, baridi yabisi, virusi vya ukimwi, hizi ni hali zinazoingia nyumbani kama mgeni asiyeaga. Wala si wageni wa nyumba chache. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walipita hapa Nakuru, mjini na vijijini, wakawapima watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Karibu nusu yao walikutwa na presha, na kama 7 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Jumapili ijayo, ukiwa umeketi kanisani, tazama benchi la wazee lililo mbele yako, uhesabu nusu.

Sasa niwaeleze habari za nyumba moja ya huku kwetu Milimani, nikibadili mambo machache ili wenyewe wasitambulike. Mume ni mstaafu wa serikali, mke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mzee alikwenda kupimwa macho, akaambiwa akapimwe damu, akarudi nyumbani na kisukari na presha kwa mpigo mmoja. Miezi ya kwanza alikuwa hodari. Alinunua mashine ya kupima sukari na daftari la kuandikia. Alfajiri alitembea hadi pale barabara inapoanza kukaza mlima kuelekea Menengai, na majirani waliokutana naye wakamsifu. Baada ya miezi sita hivi, daftari likaanza kuwa na mapengo. Mwaka wa pili daftari lenyewe halikuonekana tena. Soda ikarudi, nyama choma na marafiki kila Jumamosi ikarudi, na siku ya kliniki mzee akawa na safari ya shamba isiyoweza kuahirishwa.

Mke naye alifanya ambalo wake wengi wangefanya. Alificha sukari. Alihesabu vidonge kila jioni. Aliwapa watoto kazi ya kumchunga baba yao. Mezani, mkono wa mzee ukielekea kwenye bakuli, macho yote yaliufuata. "Mzee, hicho ni cha pili." "Mama, mimi si mtoto." Nyumba ikageuka kituo cha polisi, na mfungwa akajifunza kuficha. Alichokuwa akificha nitakisema hapo mbele kidogo, kwa sababu kinabadilisha swali lote.

Katika Injili ya Yohane, sura ya tano, tunasoma juu ya mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38. Alilala kando ya birika la Bethzatha kule Yerusalemu, katikati ya umati wa wagonjwa. Bwana Yesu akamwuliza kama anataka kuwa mzima. Ukilisoma swali hilo haraka, unaweza kuona kama dhihaka: mtu amelala pale miaka yote hiyo, anataka nini kingine? Lakini mgonjwa hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuka, na kwamba kila akijikokota kwenda, mwingine humtangulia.

Wahubiri wengi humkemea mtu huyu. Husema alikuwa amezoea ugonjwa wake, kwamba aliulizwa swali rahisi akaleta visingizio. Mimi sikubaliani nao. Naona alijibu sawasawa kabisa. Aliulizwa juu ya kutaka kwake, akajibu juu ya upweke wake, kwa sababu ndani yake mambo hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuwa kitu kimoja. Mtu anaweza kutaka jambo kwa nguvu zake mwenyewe mwaka mmoja, labda miwili. Miaka 38 hawezi. Kutaka huchakaa, kama kiatu. Na yule anayemwambia mgonjwa wa siku nyingi "jipe moyo" mara nyingi anamwambia ajitwike kwa mkono uleule uliokwisha choka.

Tusidhani basi kwamba wagonjwa wetu hawana hamu ya kupona. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011 na kikombe cha Babu wa Loliondo. Katika kijiji cha Samunge, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeitwa Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania, ikisemwa kwamba kinaponya kisukari, ukimwi, saratani na mengineyo. Watu walikwenda kwa maelfu, na Wakenya wengi walikuwamo. Walilala kwenye magari siku kadhaa katika foleni ya kilomita nyingi, kwenye vumbi, bila choo wala chakula cha maana. Wengine walikuwa hoi hata wakafia njiani. Mzee Mwasapila mwenyewe alifariki mwaka 2021, na kisukari kipo hadi leo.

Sileti habari hizo ili tuwacheke waliokwenda. Nazileta kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo daktari mwenye haraka halioni. Mtu yule yule ambaye mke wake anasema hataki kupona, ambaye hawezi kumeza kidonge kimoja asubuhi, aliweza kuuza mbuzi, kukodi gari, kuvuka mpaka na kulala porini siku nne. Hamu ilikuwapo tele! Lakini ilikuwa hamu ya kumaliza. Kikombe kimoja, halafu basi, maisha ya zamani yarudi. Kidonge cha kila asubuhi hakimpi hilo. Kila anapokimeza kinamkumbusha kwamba bado ni mgonjwa, na hakuna siku atakayoambiwa amehitimu. Aliyekuwa na kifua kikuu humeza dawa zake, kwa kawaida miezi sita, akapimwa, akaambiwa amepona. Mwenye presha humeza leo ili kesho apate kumeza tena. Hakuna anayempigia makofi kwa kiharusi ambacho hakikumpata.

Kwa hiyo ninapoulizwa namna ya kumtia mgonjwa moyo wa kupona, huanza na neno lenyewe. Lugha yetu ina hekima hapa. Tunasema mtu amepona homa, lakini tunasema pia amepona ajali, ameponea chupuchupu; yaani hatari ilikuwapo, ikapita karibu, haikummeza. Tena ukienda kumjulia hali mgonjwa, husema, "Leo sijambo kidogo." Hadai kwamba ugonjwa umekwisha. Anasema kwamba leo ugonjwa haukumshinda. Mwenye kisukari anayesubiri kupona kwa maana ya homa atasubiri hadi akate tamaa, na akikata tamaa ataacha dawa, kwa sababu dawa ilishindwa kumpa alichokuwa akikingoja. Mwambieni ukweli mapema: hutarudi ulivyokuwa, lakini waweza kuwa hujambo miaka 30. Ukweli huo humhuzunisha mtu kwa muda. Matumaini ya uongo humhuzunisha kila mwezi.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Siku moja mke wake alipokuwa akipangua kabati alikuta kisu kidogo cha kumenyea matunda kimefungwa kwenye kitambaa pamoja na vidonge vilivyokatwa nusu nusu. Mzee alikuwa akimeza nusu ya dawa, siku nyingine hamezi kabisa, ili za mwezi mmoja zifike miezi miwili na zaidi. Fedha zilizobaki zilikwenda kwenye karo ya binti yao wa mwisho aliyekuwa chuoni. Hakumwambia mtu. Alipoulizwa alisema tu, "Mimi nimekwisha kula chumvi yangu. Yeye ndiye anaanza."

Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu. Hapa hatuna mtu mvivu, wala asiyejali. Tuna baba aliyepima mizani mbili, maisha yake na kesho ya mtoto, akaamua. Wengine wangemwita mtakatifu. Je, alifanya vema?

Kanisa limefundisha kwa muda mrefu kwamba mtu ana wajibu wa kuutunza uhai wake kwa njia za kawaida, lakini halazimiki kutumia njia zinazozidi nguvu zake. Papa Pius wa 12, alipozungumza na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alieleza kwamba njia za kawaida hupimwa kwa kutazama mtu, mahali, wakati na hali, na kwamba haziwi mzigo mzito kupita kiasi kwa mgonjwa au kwa mwingine. Kidonge cha presha ni njia ya kawaida. Hapo hakuna ubishi. Lakini kwa nyumba yenye watoto watatu shuleni na pensheni inayochelewa, bei ya dawa za kila mwezi inaweza kuwa mzigo mzito kweli. Sitamhukumu baba huyo kama mtu aliyejiua polepole. Hata hivyo nasema alikosea, na kosa lake halikuwa katika hesabu. Lilikuwa katika kuipiga hesabu hiyo peke yake.

Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba mwili wa mume si wake peke yake, mke ana mamlaka juu yake, na vivyo hivyo mwili wa mke. Waume hupenda kuyakumbuka mafundisho hayo usiku tu! Lakini mwili ni mwili mchana pia. Figo za mume ni za mke. Macho yake, yanayoweza kuharibika sukari ikizidi miaka mingi, ni macho ambayo mke alitazamia kuzeeka nayo. Baba aliyeamua kimya kimya kutoa uhai wake kwa ajili ya karo alitoa kitu ambacho nusu yake haikuwa yake. Na kiharusi kikija, hakiji kwa baba pekee: mama ndiye atakayemgeuza kitandani, na yule binti aliyesomeshwa ndiye huenda akaacha masomo ili amwuguze. Hesabu hiyo wangeipiga wawili, labda wangeuza kipande cha shamba, au wangeomba chuo kiwaruhusu kulipa kidogo kidogo, au wangemwuliza daktari kama iko dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Mara nyingi ipo, ila mgonjwa huona haya kuuliza. Tena wengine bado hawajajiandikisha katika bima mpya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, wakidhani kadi ya zamani ingali inafanya kazi.

Lakini mzee alikuwa na jambo la pili alilolificha, na hili lilichukua muda zaidi kutoka. Nawaomba radhi wasomaji wanaosoma ukurasa huu mbele ya watoto. Hata hivyo tukilinyamazia tutakuwa tumewasaidia watu nusu tu. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mwanamume anaweza kupungukiwa au kuishiwa na nguvu katika tendo la ndoa. Baadhi ya dawa za presha nazo huweza kuchangia. Mwanamume akiona hivyo hamwambii mtu, hata daktari. Anafikiri peke yake: nilipoanza dawa ndipo nilipoharibika. Basi anaacha dawa. Wakati huo mke, akiona mume amegeukia ukutani mwezi baada ya mwezi, anadhani yuko mwanamke mwingine, au kwamba yeye amechukiza. Wawili wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na hofu yake, na wote wawili wanadhani wanagombana juu ya chapati.

Nyumba ngapi ziko hivyo? Sijui idadi, lakini najua kwamba tunapotaja jambo hili katika semina za wenye ndoa, ukumbi hunyamaza kwa namna ya pekee. Ndugu zangu waume, msiache dawa kwa siri. Mwambieni daktari wazi. Dawa ya presha inaweza kubadilishwa, na sukari ikitulizwa mapema, mengi huokolewa. Nanyi mama zetu, siku mzee atakapopata ujasiri wa kulisema, msicheke, wala msiseme "ah, hata mimi nilikwisha choka na mambo hayo." Kwenu hilo ni neno la kumfariji. Yeye atalisikia kama mlango unaofungwa.

Liko pia jambo la tatu, ambalo wazee wetu waliliita uvivu au uchawi. Watafiti wa nchi mbalimbali wameona kwamba sonona, ule uzito wa moyo usioondoka kwa juma moja wala mawili, huwapata watu wenye kisukari takriban mara mbili kuliko wengine. Mtu halali, au analala kutwa, hana hamu ya chakula wala ya wajukuu, anasema maneno kama "mtapumzika nikienda." Mtu huyo hawezi kujipa moyo kwa sababu chombo chenyewe cha kujipa moyo ndicho kilichougua. Kumhubiria ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akimbie hospitali. Kama mwenzi wako yuko hivyo, mpeleke akatibiwe na hilo pia, katika hospitali ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH, au kwingine. Hakuna aibu.

Nimesema mengi juu ya moyo, kwa hiyo ni lazima niseme pia juu ya mipaka yake. Wako wanaofundisha kwamba asiyepona hana imani, au hana fikra njema. Mafundisho hayo ni ya ukatili. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikufa, hata kama wazazi wake waliomba usiku na mchana na mwenyewe alipenda maisha kuliko wote. Tarehe 11 Januari mwaka huo, katika hospitali moja ya Toronto kule Kanada, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya insulini. Ilikuwa bado haijasafishwa vizuri. Baada ya siku chache alichomwa nyingine iliyo bora, sukari ikashuka, akaishi miaka mingine 13. Moyo wake haukuwa na nguvu kuliko wa watoto waliomtangulia. Alichopata yeye ni dawa. Basi ukitoka kwenye mkutano wa maombi ya uponyaji, shukuru, imba, halafu rudi nyumbani umeze dawa zako, na uziache siku ambayo vipimo na daktari wamesema uache. Mungu haoni wivu juu ya kidonge.

Hata sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, ambayo Papa Paulo wa 6 aliitengenezea utaratibu mpya mwaka 1972, si ya wanaokata roho peke yao. Ni ya anayeugua sana na ya mzee aliyedhoofika, na huweza kurudiwa. Lakini bado ziko familia zinazomzuia padre mlangoni, zikisema, "Asimwone, atadhani anakufa." Matokeo yake mgonjwa hubaki peke yake na hofu hiyo hiyo waliyotaka kumwondolea.

Basi moyo wa kupona hutoka wapi? Nitazameni tena yule mtu wa Bethzatha. Hakupewa hotuba juu ya bidii. Aliambiwa asimame, achukue mkeka wake, aende. Baada ya miaka 38 ya kubebwa, au ya kungoja kubebwa, alipewa kitu cha kubeba. Nadhani hapo kuna siri ambayo sisi tunaouguza huisahau. Tukimpenda mgonjwa tunamnyang'anya kila kazi. Usiinuke, usishike jembe, usijishughulishe na hesabu za nyumba, pumzika. Baada ya mwaka mmoja hana la kuamkia, halafu tunashangaa kwa nini hataki kuamka.

Katika nchi yetu tulimwona Joe Muriuki. Mwaka 1987 alipimwa akakutwa na virusi vya ukimwi, wakati ambapo habari hiyo ilikuwa kama hukumu ya kifo. Alijitokeza hadharani wakati Wakenya wengine walikuwa wakijificha, akaanzisha chama cha kuelimisha watu, akaendelea kusema na kufundisha. Alifariki mwaka 2022. Sisemi kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomponya. Wengi waliokuwa na moyo kama wake walikufa kabla dawa za kupunguza makali ya virusi hazijafika, na yeye aliziishia kuziona. Nasema tu kwamba kila asubuhi kwa miaka karibu 35 palikuwa na watu waliomhitaji aamke. Mwenzi wako naye anahitaji angalau mmoja. Mpe kazi halisi, isiyo ya kumliwaza: kumfundisha mjukuu hesabu, kutunza kuku, kusimamia daftari la jumuiya. Akikosea, mgombeze kama unavyomgombeza mtu mzima.

Kisha shusheni bendera ya polisi nyumbani. Sukari isifichwe, ipunguzwe kwa wote. Haifai mgonjwa ale sukuma wiki na kipande kidogo cha ugali huku wengine wakila pilau mbele yake kana kwamba amefanya kosa. Chakula cha mwenye kisukari kinamfaa kila mtu mezani, na kwa jinsi hesabu ile ya Nakuru ilivyo, huenda kikamwokoa hata mwingine hapo. Kliniki mwende wawili, ili maneno ya daktari yasikiwe kwa masikio manne, na ili mke asiwe mjumbe anayeleta amri kutoka mbali. Badala ya kuuliza "umemeza?", neno ambalo limechosha nyumba nyingi, kaeni mumeze chai pamoja kila asubuhi, vidonge vikiwa pale mezani kando ya kikombe, bila kificho wala sherehe.

Nimeandika kana kwamba mgonjwa ni mume siku zote. Si hivyo. Na hapa niseme neno kali. Mama akiugua ugonjwa wa kudumu, mara nyingi sana tunaona mume akimrudisha kwao "wamtunze", au akianza kuchelewa kurudi nyumbani, au akimwacha aendelee kupika na kuchota maji hali viungo vimevimba kwa baridi yabisi. Mama wa namna hii halalamikiwi kwamba hataki kupona, kwa kuwa hakuna anayemtazama kiasi cha kuona. Yeye hasa ndiye yule wa Bethzatha. Bwana, kama mkeo anaugua, jifunze majina ya dawa zake. Jina moja moja, na saa zake. Mwanamke akisikia mume wake anataja dawa zake bila kusoma kwenye pakiti, hujua kwamba ana mtu.

Mama yule wa Milimani aliuliza swali la mwisho kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeungama. Aliuliza kama ni dhambi kuchoka. Kuna siku, alisema, anatamani kuamka asiwe mke wa mgonjwa. Nilimjibu kwamba kuchoka si dhambi, ni hali ya mwili, na mwili wake nao si wa kuchezewa. Kwamba yeye mwenyewe hajapimwa presha miaka mitatu, na hilo ndilo ningeliungama kwanza. Tukapanga kwamba Jumamosi moja kila mwezi aende kwa dada yake kule Njoro, alale huko, arudi Jumapili baada ya Misa. Mzee atabaki, atajipimia sukari, atajipikia. Mama alicheka, akasema mzee hajui hata kiberiti kinakaa wapi. Basi amwonyeshe Ijumaa jioni, kabla ya kuondoka.